Mchawi, Rubani au Kungwi? Uhakiki wa Wizadi za Hatua kwa Hatua katika Usanifu wa Violesura vya Programu

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza wizadi, yaani msururu wa kurasa fupi zinazomwongoza mtumiaji wa programu hatua moja baada ya nyingine hadi kazi fulani ikamilike. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa wizadi haupimwi kwa wepesi wake pekee, bali kwa namna inavyogawa mamlaka na maarifa kati ya programu na mtu anayeitumia. Visa vitatu vinahakikiwa: wizadi ya chati katika Excel, wizadi za usakinishaji wa programu, na menyu za kutuma fedha kwa simu. Kwa kutumia sitiari tatu zilizomo katika utamaduni wa Waswahili, yaani mchawi, rubani na kungwi, uhakiki unaonesha kuwa wizadi inayofaa kwa kazi ya nadra huweza kuwa na madhara katika kazi ya kila siku. Aidha, unaonesha kuwa maneno yanayoandikwa juu ya vitufe ni sehemu ya usanifu wenyewe wala si pambo la mwisho.

1.0 Utangulizi

Wizadi ni miongoni mwa mbinu za usanifu wa violesura zilizoenea sana na kuhakikiwa kidogo. Muundo wake unafahamika. Dirisha hufunguka likiwa na swali moja au mawili. Mtumiaji hujibu, kisha hubonyeza kitufe cha kuendelea. Swali jingine hufuata. Na mwishoni hutokea kitufe cha kumaliza. Kazi ambayo ingehitaji kujaza fomu ndefu au kupekua menyu nyingi hugawanywa katika vipande vidogo, na mpangilio wa vipande hivyo huamuliwa na msanifu mapema.

Kihistoria, mbinu hii ilipata umaarufu kupitia bidhaa za Microsoft. Programu ya Publisher, iliyotolewa mwaka 1991, ilikuja na wizadi zilizomuuliza mtumiaji maswali machache kisha zikampangia ukurasa mzima. Access ilifuata mkondo huo mwaka 1992, na kufikia Windows 95 kazi kama kuunganisha printa zilikuwa zikifanywa kwa njia hiyo. Tangu hapo wizadi imevuka mipaka ya kompyuta ya mezani. Leo mtu anayefungua akaunti ya benki kwenye simu, anayeomba pasipoti kwa njia ya mtandao au anayemtumia mzazi wake fedha kijijini anapitia wizadi, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Maandishi mengi kuhusu mbinu hii hurudia kauli kwamba wizadi huwafaa wanagenzi na huwachosha wazoefu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshelezi. Inampima mtumiaji badala ya kuipima kazi, na inanyamazia swali la msingi zaidi: baada ya kuongozwa, mtu anabaki na nini? Uhakiki huu unalishughulikia swali hilo.

2.0 Jina na Sitiari Zake

Jina la kitu cha kiteknolojia huficha nadharia fulani ya kitu hicho. Katika Kiingereza, jina la mbinu hii linatokana na mtu wa hadithi mwenye hekima na nguvu za miujiza, anayetenda jambo ambalo wengine hawalielewi. Sitiari hiyo inasema wazi kwamba mtumiaji ataona matokeo, lakini hataona njia. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta kisawe hukutana na tatizo lisiloweza kupuuzwa, kwa kuwa neno la karibu ni mchawi, na mchawi katika jamii za Waswahili si mzee mwema wa hadithi za watoto. Ni mtu anayetenda kwa siri na kwa madhara, na ambaye matendo yake hujulikana kwa matokeo yake tu. Katika uhakiki huu umbo lililotoholewa, wizadi, limetumika ili kuepuka mkanganyiko huo. Hata hivyo, ugumu wa kutafsiri una faida ya kihakiki: unalazimisha kuuliza iwapo usiri ni sifa inayostahili kusifiwa.

Kampuni nyingine zilichagua sitiari tofauti. Apple ilitumia jina la msaidizi, kwa mfano katika Mac OS 8 ya mwaka 1997. StarOffice, na baadaye OpenOffice katika matoleo yake ya awali, zilitumia jina linalomaanisha rubani anayejiendesha, kabla ya OpenOffice 2.0 ya mwaka 2005 kulifuata jina la Microsoft. Badiliko hilo halikujadiliwa sana, lakini kisitiari si dogo. Katika ubaharia, rubani ni mjuzi wa mkondo, mawe na maji madogo ya bandari fulani. Hupanda chomboni, hukipitisha mahali pa hatari, kisha hushuka. Nahodha habaki akijua kila jiwe, lakini chombo kinabaki chini ya amri yake, na wakati wote anaona kinakoelekea.

Sitiari ya tatu, ambayo haikutumiwa na kampuni yoyote kati ya hizo, ni ya kungwi. Kungwi humwongoza mwali hatua kwa hatua, lakini lengo lake si kuifanya kazi kwa niaba ya mwali. Lengo lake ni kumfunda ili siku moja asimhitaji tena. Uongozi wa kungwi una mwisho uliokusudiwa.

Sitiari hizi tatu zinatumika hapa kama vigezo. Wizadi ya kichawi huleta matokeo na kuficha njia. Wizadi ya kirubani humpitisha mtumiaji salama huku ikimwachia amri. Wizadi ya kikungwi humpitisha na kumwachia ujuzi. Si kila wizadi inalazimika kuwa kungwi. Nahodha anayeingia bandari moja mara moja maishani hana haja ya kuisoma ramani yake yote. Kosa linalohakikiwa hapa ni la kuiweka sitiari moja mahali pa nyingine.

3.0 Msingi wa Nadharia

Uhakiki unaegemea mihimili mitatu. Wa kwanza ni kazi ya Lucy Suchman ya mwaka 1987 kuhusu mipango na matendo ya kimuktadha. Akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox, Suchman alichunguza watu, wawili wawili, waliokuwa wakitumia kwa mara ya kwanza mashine ya kurudufu iliyokuwa na mfumo wa maelekezo ya hatua kwa hatua. Alionesha kuwa mashine huyaona tu yale matendo yanayobadilisha hali yake. Haioni mashaka ya mtumiaji, haisikii mazungumzo yake na mwenzake, wala haijui nia yake. Kutokana na pengo hilo hutokea matatizo ya aina mbili. Wakati mwingine mtumiaji hudhani amekosea ilhali hajakosea. Wakati mwingine amekosea, lakini mashine inaichukulia hatua yake kuwa sahihi, na wote wawili wanaendelea mbele katika njia isiyo yenyewe. Aina hii ya pili ndiyo hatari kubwa ya wizadi, kwa sababu kila ukurasa mpya hufasiriwa na mtumiaji kama uthibitisho kwamba ukurasa uliotangulia ulijibiwa vyema.

Mhimili wa pili ni nadharia ya ujifunzaji kwa usaidizi. Wood, Bruner na Ross (1976) walitumia sitiari ya kiunzi cha ujenzi kueleza namna mjuzi anavyombeba mwanafunzi katika kazi iliyo juu ya uwezo wake wa wakati huo. Kiunzi kwa asili yake hujengwa ili kije kuondolewa. Katika uwanja wa violesura, Carroll na Carrithers (1984) waliijaribu fikra inayokaribiana na hiyo: waliziba kwa muda baadhi ya kazi za programu ya kuchapa maandishi, zile zilizozoeleka kuwaingiza wanagenzi katika makosa. Wanagenzi waliotumia programu iliyozibwa waliikamilisha kazi yao ya kwanza haraka zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba programu ilibaki ileile. Kilichopunguzwa ni nafasi ya kupotea, si nafasi ya kuona.

Mhimili wa tatu ni kanuni za Jakob Nielsen zilizochapishwa katika hali yake inayofahamika zaidi mwaka 1994. Tatu kati ya hizo zinahusika moja kwa moja: hali ya mfumo ionekane, mtumiaji awe na uhuru wa kujinasua, na makosa yazuiwe kabla hayajatokea.

Kutokana na mihimili hiyo, uhakiki unauliza maswali manne kwa kila wizadi. Je, mtumiaji anaona yupo wapi na kimebaki nini? Je, anaweza kurudi bila kupoteza alichokwisha kujibu? Je, anaoneshwa matokeo ya uamuzi wake kabla ya hatua isiyorudishika? Na je, akishamaliza, anaweza kukibadilisha alichokiunda bila kulazimika kuongozwa upya?

4.0 Uhakiki wa Visa

4.1 Wizadi ya chati katika Excel

Katika matoleo ya Excel kuanzia 97 hadi 2003, chati iliundwa kwa wizadi ya hatua nne. Hatua ya kwanza iliuliza aina ya chati. Ya pili iliuliza seli zenye data, na iwapo mfululizo wa data umo katika safu mlalo au safu wima. Ya tatu ilihusu vichwa, mihimili, mistari ya gridi na vielezo. Ya nne iliuliza mahali pa kuiweka chati: katika karatasi mpya au ndani ya karatasi iliyopo. Namba ya hatua ilionekana katika kichwa cha dirisha, kitufe cha kurudi kilikuwapo, na kitufe cha kumaliza kilikuwa hai tangu hatua ya kwanza.

Jambo hilo la mwisho linastahili sifa. Linamwambia mtumiaji kwamba maswali yaliyobaki yana majibu ya awali yanayokubalika, na kwamba uongozi ni hiari. Mzoefu angeweza kutoka mapema, na mwanagenzi angeweza kuendelea. Kwa njia hiyo dirisha moja liliwahudumia watu wawili bila kumdhalilisha yeyote.

Sifa kubwa zaidi ilikuwa nje ya wizadi yenyewe. Chati ilipokwisha kuundwa, menyu ya chati ilionesha vipengele vinne: aina ya chati, data chanzo, machaguo ya chati na mahali pa chati. Hizo ni hatua nne zilezile za wizadi, kwa mpangilio uleule. Mtumiaji aliyetaka kubadilisha kichwa hakulazimika kuanza upya. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipengele alichokwisha kukiona kama hatua ya tatu. Wizadi ilikuwa imemfundisha muundo wa menyu bila kumtangazia somo. Huu ni ukungwi kwa maana kamili: uongozi ulikuwa na umbo lilelile la uhuru uliofuata.

Kisa hiki hakikosi dosari. Katika hatua ya kwanza mfano wa chati haukuonekana mpaka mtumiaji abonyeze kitufe na kukishikilia. Aidha, swali la aina ya chati lilitangulia swali la data, ilhali aina inayofaa hutegemea data na jambo linalotakiwa kuoneshwa. Mpangilio huo ulimfundisha mtu kuchagua umbo kabla ya kufikiria maana, na athari yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kusoma ripoti yenye duara la vipande kumi na viwili visivyotofautishika.

Excel 2007 iliiondoa wizadi hiyo na kuweka utepe. Tangu hapo, kuchagua aina ya chati huizalisha papo hapo. Kasi imeongezeka, na matokeo yanaonekana mara moja, jambo linalojibu kikamilifu swali la tatu kati ya maswali manne ya uhakiki huu. Hata hivyo, kuna kilichopotea. Swali la safu mlalo au safu wima halimkabili mtumiaji tena. Programu humjibia, na kitufe cha kubadilisha hubaki mahali ambapo asiyejua kuwa kuna swali hatakitafuta. Rubani ameondolewa chomboni kwa hoja kwamba chombo sasa kinakwenda mbio.

4.2 Wizadi za usakinishaji

Kusakinisha programu ni kazi ya nadra, yenye matokeo ya kudumu, ambayo mtumiaji hana sababu ya kuijua kwa undani. Kwa mujibu wa vigezo vya uhakiki huu, hapo ndipo mahali pa rubani. Lakini mazoea ya muda mrefu yameifanya wizadi ya usakinishaji kuwa mahali ambapo umakini wa mtumiaji hulazwa usingizi.

Sababu yake ni ya kimuundo. Kurasa nyingi za wizadi hizo hazina uamuzi wa kweli. Ukurasa wa kwanza humkaribisha mtumiaji. Wa pili humwonesha mkataba wa leseni usiosomeka. Wa tatu humwonesha folda ambayo karibu hakuna anayeibadilisha. Katika kila ukurasa jibu lenye manufaa ni moja tu, nalo ni kuendelea. Mtumiaji anajifunza, na anajifunza vizuri, kwamba kitufe cha kuendelea hakihitaji kusomwa. Kisha, katika ukurasa wa nne au wa tano, huwekwa uamuzi wa kweli, kwa mfano kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali programu ya ziada ambayo mtumiaji hakuiomba. Mkono uliofunzwa kuendelea unaendelea.

Utafiti wa Böhme na Köpsell uliowasilishwa mwaka 2010 unalipa jambo hili ushahidi. Watumiaji 80,000 wa programu ya kulinda faragha walioneshwa dirisha la kuomba ridhaa katika maumbo mbalimbali. Ilibainika kuwa kadiri dirisha lilivyofanana na mkataba wa leseni, ndivyo watumiaji walivyozidi kukubali bila kutafakari. Inafaa kusisitiza kwamba waliohusika walikuwa watu waliochagua wenyewe programu ya faragha. Ikiwa hao huridhia kwa mazoea, hoja ya kuwalaumu watumiaji kwa uzembe haina mashiko. Mazoea yana taabu, na mazoea haya yamejengwa na wasanifu.

Kutokana na hayo, ukurasa wa wizadi usio na uamuzi si ukurasa usio na madhara. Kila ukurasa wa aina hiyo hupunguza uzito wa ukurasa unaofuata. Msanifu anayeongeza hatua ya ukaribisho kwa nia njema anatumia akiba ya umakini ambayo ingehitajika mbele.

4.3 Menyu za kutuma fedha kwa simu

M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza kwa menyu iliyohifadhiwa katika laini ya simu. Kwingineko menyu nyingi huletwa na mtandao kwa kupiga namba fupi yenye nyota na reli. Wasomi wa violesura huzitaja menyu hizi mara chache wanapojadili wizadi, pengine kwa sababu hazina dirisha wala kitufe cha kubonyeza kwa kipanya. Kimuundo, hata hivyo, ni wizadi kamili: swali moja, jibu moja, hatua inayofuata.

Pia ni wizadi katika mazingira magumu zaidi. Ujumbe mmoja wa menyu inayoletwa na mtandao hauzidi herufi 182. Kipindi cha mawasiliano hukatika mtumiaji akichelewa. Katika simu ndogo, majibu yaliyotangulia hayaonekani tena, na mara nyingi kurudi hatua moja nyuma kunamaanisha kuanza upya. Ufinyu huo ulizaa nidhamu ambayo wizadi za kompyuta hazina: hakuna ukurasa wa ukaribisho wala ukurasa usio na swali. Kwa kigezo cha sehemu iliyotangulia, menyu hizi zimeishinda wizadi ya usakinishaji.

Lakini tofauti kubwa iko katika marudio. Programu husakinishwa mara moja, ilhali fedha hutumwa kila wiki, na kwa mfanyabiashara mdogo, mara nyingi kwa siku. Hatua zinapozoeleka, vidole huzishika na macho huziacha. Hapo hutokea jambo ambalo nadharia ya kiunzi haikulikusudia: mtumiaji amejifunza, lakini alichojifunza ni mdundo wa kubonyeza, si kukagua. Hatua ya uthibitisho, ambayo msanifu aliiweka kama kituo cha kufikiri, inakuwa pigo la mwisho la mdundo.

Ndiyo maana yaliyomo katika hatua hiyo yana uzito mkubwa. Katika mpangilio wa awali wa menyu ya Kenya, mtumaji aliandika namba ya simu, kiasi na namba ya siri, kisha akathibitisha. Jina la mpokeaji lilimfikia katika ujumbe mfupi baada ya fedha kwisha kwenda. Kumtaka mtu athibitishe namba aliyoiandika mwenyewe ni kumrudishia kosa lake na kumuuliza kama analitambua. Aliyekosea tarakimu moja huisoma namba kama alivyokusudia kuiandika. Jina ni taarifa ya aina nyingine: halitoki kwa mtumaji, linatoka kwenye mfumo, na kwa hiyo linaweza kumpinga. Safaricom baadaye ilianzisha huduma ya Hakikisha, inayomwonesha mtumaji jina la mpokeaji huku akiwa bado na muda mfupi wa kusitisha. Katika istilahi za Suchman, marekebisho hayo yanaipa mashine jambo la kusema pale mtumiaji anapokuwa katika njia isiyo yenyewe. Huo ni urubani: anayeujua mkondo anatamka jina la bandari kabla ya nanga kushushwa.

Linabaki tatizo ambalo jina pekee haliliondoi. Wizadi hudhani kuwa anayejibu maswali na mwenye fedha ni mtu mmoja. Bibi asiyesoma, anayesomewa menyu na mjukuu au na jirani, hawezi kugawa kazi hiyo: mwenye simu mkononi ndiye anayepita hatua zote, ikiwemo ya namba ya siri. Utaratibu wa swali moja kwa wakati mmoja ulikusudiwa kumrahisishia asiyejua; kwa asiyesoma unamlazimisha kukabidhi siri yake ili apate huduma. Hapa wizadi haikumpa rubani wala kungwi. Imempa mtu wa kati, na kumwacha aombe Mungu mtu huyo awe mwema.

5.0 Lugha ya Vitufe

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kuwa kiolesura kizima kinaweza kuzungumza Kiswahili. Swali lililobaki ni Kiswahili gani, na uzito wa swali hilo unaonekana zaidi katika wizadi, kwa kuwa humo mtumiaji hutenda kwa maneno manne au matano tu.

Neno Endelea halisemi kitu kuhusu kitakachotokea. Katika hatua za mwanzo hilo si tatizo, kwa kuwa kinachotokea ni swali jingine tu. Katika hatua ya mwisho ni kasoro kubwa, kwani neno lilelile linabeba tendo lisilorudishika. Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha: Tuma, Lipa, Sakinisha, Wasilisha. Kitufe chenye kitenzi cha tendo lenyewe huvunja mdundo wa mazoea kwa sababu hakifanani na vilivyokitangulia.

Neno Futa lina utata wa aina nyingine. Likitumiwa kwa maana ya kusitisha, linaweza kusomeka kama kuondoa kabisa kilichokwisha kuandikwa. Mtu anayetaka kutoka ili arejee baadaye ataogopa kulibonyeza. Ghairi ni sahihi zaidi, maana kughairi ni kubadili nia, na nia ndiyo inayobadilika. Majibu hayahitaji kuangamia. Vivyo hivyo, Rudi huacha swali wazi: ni kurudi hatua moja au kurudi mwanzo? Maneno hatua iliyopita na menyu kuu hayana utata huo, na urefu wake unalipa gharama yake hata ndani ya herufi 182.

6.0 Mjadala wa Pingamizi

Pingamizi la kwanza linalotarajiwa ni kwamba watumiaji hawaombi kufundwa. Carroll na Rosson (1987) walieleza kitendawili cha mtumiaji mtendaji: watu hutaka kazi yao ikamilike, na huacha kujifunza hata pale ambapo kujifunza kungewaokolea muda. Kwa hoja hiyo, ukungwi ni mzigo. Jibu la uhakiki huu limo katika kisa cha Excel. Wizadi ya chati haikumsimamisha mtu ili imfundishe; ilifanya kazi yake kwa majina na mpangilio ambao angeukuta tena. Kufunda si kuongeza maelezo. Ni kuhakikisha kuwa kilichopitwa katika uongozi kinatambulika baada ya uongozi.

Pingamizi la pili ni kwamba kuonesha kila kitu humtisha mwanagenzi, hivyo kuficha ni huruma. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Kupunguza idadi ya maswali kwa wakati mmoja si sawa na kuficha matokeo. Miongozo ya usanifu ya huduma za serikali ya Uingereza katika GOV.UK inapendekeza kuanza na jambo moja kwa kila ukurasa, lakini huambatana na ukurasa wa kukagua majibu yote kabla ya kuwasilisha, ambapo kila jibu huweza kubadilishwa peke yake. Mtumiaji anapita hatua ndogo, kisha anaiona njia nzima kwa pamoja.

Pingamizi la tatu, lenye nguvu zaidi, ni kwamba mazingira ya simu ndogo hayaruhusu ukaguzi wa aina hiyo. Ni kweli kwamba hayaruhusu ukurasa mrefu. Lakini jina la mpokeaji, kiasi, makato na kitenzi cha tendo vinatosha katika ujumbe mmoja. Ufinyu wa nafasi ni sababu ya kuchagua vyema. Si sababu ya kumrudishia mtumiaji maneno yake mwenyewe na kuyaita uthibitisho.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa swali la iwapo wizadi ni nzuri au mbaya limeulizwa vibaya. Wizadi ya chati ya Excel, iliyoondolewa kwa kuonekana imepitwa na wakati, ilimwachia mtumiaji ramani ya kazi yake. Wizadi ya usakinishaji, inayoendelea kutumika kila mahali, imewafunza watu kuridhia bila kusoma. Menyu ya fedha kwa simu, iliyobanwa na herufi 182, imepiga hatua kuelekea urubani pale ilipoanza kutaja jina la mpokeaji kabla ya tendo kukamilika, lakini bado haijamtambua mtu anayehitaji msaada wa mwingine bila kuikabidhi siri yake.

Kwa wasanifu wanaofanya kazi kwa Kiswahili, mambo matatu yanafuata. Kwanza, kazi ya nadra ipewe rubani: hatua chache, kila moja yenye uamuzi wa kweli. Pili, kazi ya marudio ipewe kungwi: hatua zenye majina yanayokutwa tena nje ya wizadi, na njia ya mkato kwa aliyekwisha kuhitimu. Tatu, hatua ya mwisho iseme jambo ambalo mtumiaji hakulisema mwenyewe, kwa kitenzi kinacholitaja tendo.

Eneo linalohitaji utafiti zaidi ni la watumiaji wanaopita wizadi kupitia mikono ya wengine. Nadharia zilizotumika hapa, ikiwemo ya Suchman, zinamchukulia mtumiaji kuwa ndiye mwenye shauri lake. Pale ambapo mwenye fedha ni mmoja na mwenye macho ni mwingine, dhana ya mtumiaji yenyewe inahitaji kuhakikiwa upya, na utafiti huo hautakamilika bila kuwasikiliza wale ambao hadi sasa husomewa menyu tu.